Dhima ya Neno la Afisa

Hapana mji unaokua usiohitaji kanuni za kuegesha magari. Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, ulijengwa kwa ajili ya waenda kwa miguu, punda na hamali. Vichochoro vyake havikupimwa kwa kipimo cha lori wala cha basi la watalii. Atokaye Darajani asubuhi kwenda Malindi hujionea mwenyewe: mikokoteni, vespa, daladala, gari za mizigo zinazowahi boti ya Dar es Salaam au ya Pemba, na katikati yao askari wa baraza akihangaika ili njia isifunge. Kwa hiyo na ieleweke tangu mwanzo kwamba hatuna ugomvi na faini. Mwenye kuegesha mbele ya lango la hospitali, au kuziba njia ya gari la zimamoto kwa kuwa anataka kununua mkate, huyo na alipe, tena alipe bila ya kunung'unika. Mazungumzo yetu leo ni juu ya mtu mwengine kabisa: aliyeuliza kwanza, akajibiwa na ofisi yenyewe, akafuata alivyojibiwa, kisha akaadhibiwa kwa kufuata.

Tumeletewa malalamiko ya mwananchi mmoja, mchukuzi wa mazao kutoka shamba. Jina lake tunalihifadhi, na baraza lililomtoza faini hatulitaji, kwa kuwa nia yetu si kumhukumu mtu bali ni kulitazama jambo. Pahala alipozoea kushusha mizigo palifungwa baada ya utaratibu wa soko kubadilishwa. Hakwenda kujitafutia pembe ya kujificha. Alifunga safari mpaka ofisi ya baraza, akaulizia afisa anayeshughulikia maegesho, akaonyeshwa meza yake, akaeleza haja yake. Aliambiwa kuwa aweza kusimamisha gari ubavuni mwa njia fulani na kushusha mizigo hadi saa nne za asubuhi. Akashukuru, akaenda zake. Kwa muda wa wiki tatu alifanya hivyo mbele ya macho ya kila mtu, askari wa baraza wakiwamo, na hapana aliyemuuliza.

Siku moja, saa mbili na nusu za asubuhi, akarudi kutoka sokoni na kulikuta gurudumu la gari limefungwa kwa chuma, na karatasi ya faini imebandikwa kiooni. Aliambiwa kuwa njia ile haisimamishwi gari ya mazao kwa saa yoyote ile. Alama ya kukataza ilikuwako, lakini katika ncha nyengine ya njia, ambako yeye hapitii. Akalitaja jina la afisa aliyemshauri. "Karatasi yako iko wapi?" wakamuuliza. Karatasi hakuwa nayo, maana hakuna aliyempa.

Kilichofuata ndicho kilichotushughulisha zaidi. Afisa mwenyewe hakukana. Alisema waziwazi kuwa ndivyo alivyomwambia, kwa kuwa ndivyo alivyoufahamu utaratibu mpya, na sasa amegundua kuwa aliufahamu sivyo. Huyo ni mtu muungwana, na tungependa watumishi wa umma wa namna yake wawe wengi. Lakini rufaa ya mchukuzi ilijibiwa kwa sentensi moja tu, kuwa kutojua sheria hakumwondolei mtu kosa, na aliyeiandika alikaa meza moja na aliyetoa faini. Hata kabla ya jibu hilo kufika, pesa zilikuwa zimekwisha lipwa, kwa sababu gari lilikuwa limefungwa na ndizi zilikuwa ndani yake. Ndizi mbivu haziwezi kusubiri rufaa.

Tuanze na hilo neno la kutojua sheria, kwani ni neno kubwa, na aghalabu hutumiwa kama gongo la kumfukuzia mlalamikaji mlangoni. Asili yake ina hekima. Lau kila mtu angeruhusiwa kujitetea kuwa hakujua, basi mjinga angekuwa huru kuliko mwerevu, na watu wangefanya bidii ya kutosoma. Sheria inamtaka raia atafute kujua. Vyema. Je, huyu mchukuzi alifanya nini kama si kutafuta kujua? Sheria ndogo za mabaraza haziimbwi redioni kila siku, na Gazeti Rasmi halifiki katika kila kijiji cha Kaskazini au Kusini. Mahali pa karibu zaidi pa mwananchi kuondolea ujinga wake ni meza ya mtumishi aliyewekwa na kulipwa mshahara ili aujibu umma. Akiisha kufika hapo, akauliza, akajibiwa, hatuwezi tena kumwita asiyejali. Ujinga uliobaki si wake. Ni wa ofisi, naye kauchukua pamoja na jibu alilopewa.

Hata hivyo, haki hututaka tuutazame na upande wa pili, maana baraza halikukosa hoja kabisa. Afisa mmoja hawezi kuibadilisha sheria kwa neno la kinywa chake. Sheria ndogo hupitishwa na vikao, na huidhinishwa kwa taratibu zake. Ikiwa mtumishi aliyeketi dirishani aweza kuzitangua kwa kusema "wewe simama tu hapo", basi vikao havina maana, na jirani wa njia ile, aliyeahidiwa njia isiyozibwa, amedhulumiwa bila ya kuulizwa. Kuna na hatari nyengine ambayo watu wa mjini wanaijua sana. Neno la mdomo lina bei. Sote tumeshamsikia mwenye cheo akimwambia rafiki yake, "Egesha hapo, mimi nipo." Huo si ushauri wa ofisi, ni upendeleo wa mtu, na mwenye kuupokea anajua moyoni mwake kwamba kinachomkinga ni mtu na si kanuni. Tukisema kila aliyeambiwa neno na mtumishi asitozwe faini, tutakuwa tumewafungulia soko wauza maneno.

Mahakama za nchi nyengine zimekwisha kusumbuliwa na jambo hili, na kwa kuwa mahakama zetu zilirithi misingi mingi ya sheria ya Kiingereza tangu zama za ukoloni, si vibaya kutazama walikofika wenzetu. Hukumu zao hazitufungi, lakini zaweza kutuonyesha njia.

Mwaka 1978 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya kampuni ya samaki dhidi ya baraza la Penwith, wilaya ya pwani katika Cornwall. Kampuni ilinunua kiwanda kilichokuwa kimeachwa, ikapata barua kutoka kwa afisa wa baraza ambayo iliifahamu kuwa inathibitisha haki ya kukitumia, ikaingiza fedha zake. Baadaye baraza lenyewe likakataa kutoa ruhusa. Mahakama ikasimama na baraza: neno la afisa haliwezi kulifunga baraza lisitumie mamlaka liliyopewa na sheria, isipokuwa kwa nafasi finyu sana. Wenye kampuni waliumia. Lakini ukiitafakari hukumu ile utaona inazungumzia mambo yajayo: je, kiwanda kiendelee au kisiendelee? Na juu ya mambo yajayo ni lazima sheria itawale, kwa kuwa si mwombaji peke yake anayehusika bali ni umma mzima unaoishi jirani na kiwanda hicho.

Adhabu ni jambo jengine. Adhabu hutazama nyuma, kwa mtu aliyetenda siku fulani kwa nia fulani. Hapo mahakama zimekwenda njia tofauti. Mwaka 1997 baraza la Brent, London, liliishitaki kampuni ya Postermobile kwa kusimamisha mabango ya muda bila ya kibali, ilhali kampuni hiyo ilikwenda kwanza kwa maafisa wa mipango wa baraza hilohilo na kuambiwa kuwa kibali hakihitajiki. Mahakama Kuu ilisema kuwa kuwashitaki watu kwa kufanya kile ambacho maafisa wa mshitaki waliwaambia kuwa wanaruhusiwa kukifanya ni kuutumia vibaya mwenendo wa mahakama. Mahakama haikusema kuwa sheria ya mabango imefutwa, wala kuwa kampuni ina haki ya kuendelea milele. Kilichozuiliwa ni adhabu.

Marekani walikuwa wameshafika hapo kabla yao, na kwa jambo lililo zito kuliko mabango. Mwezi wa Disemba 1961 wanafunzi wapatao 2,000, wakiongozwa na Mchungaji B. Elton Cox, waliandamana katika mji wa Baton Rouge kupinga ubaguzi wa rangi. Mkuu wa polisi wa mji aliwaelekeza wasimame upande wa pili wa njia, kuvuka jengo la mahakama, nao wakasimama hapo. Kisha kiongozi wao akatiwa hatiani kwa kosa la kuandamana karibu na mahakama. Mwaka 1965 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilifuta hatia hiyo, ikisema kuwa kumtia mtu hatiani kwa kusimama pale alipoambiwa na polisi kuwa anaruhusiwa kusimama ni sawa na Dola kumtegea raia mtego. Tunaomba wasomaji wetu wafikiri juu ya neno hilo la mtego. Mtego si lazima utegwe kwa makusudi. Mtumishi wa mwanzo aweza kuwa na nia safi, na wa pili naye akawa anafanya kazi yake kwa uaminifu. Lakini wote wawili ni viungo vya mwili mmoja, na aliyenaswa ananaswa vilevile.

Kanada ndiko walikokwenda mbali zaidi katika kuweka mipaka, na kesi yao inahusu gari kama yetu. Ilitoka katika mji wa Lévis, Quebec, ikaamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2006. Kampuni moja ilishitakiwa kwa kutembeza gari ambalo ada ya usajili wake haikulipwa, nayo ikajitetea kwa maneno iliyoelezwa na mtumishi wa idara husika juu ya taarifa ya malipo ambayo ingeletwa kwa posta. Taarifa haikufika. Mahakama ilikubali kuwa utetezi wa kupotoshwa na afisa upo katika sheria yao, lakini ukitumika, mtu awe amekosea katika kuifahamu sheria. Awe ameyafikiria matokeo ya kitendo chake kisheria. Ushauri uwe umetoka kwa afisa anayehusika. Uwe wa kuaminika kwa mtu mwenye akili. Uwe wa makosa. Na awe ameutegemea hasa katika kutenda. Kisha mahakama ikaikatalia kampuni ile ile iliyokuwa mbele yake, kwa kuwa ilichoelezwa kilikuwa ni utaratibu wa ofisi na tarehe zake, si jibu juu ya nini sheria inamtaka mtu afanye. Mlango ulifunguliwa, na aliyeubisha hakuingia.

Tumpime mchukuzi wetu kwa mizani hiyo. Alikosea juu ya sheria, si juu ya pahala wala saa. Aliyafikiria matokeo, na ndiyo sababu ya kupoteza asubuhi nzima kwenda kuuliza. Hakumuuliza mlinzi wa mlangoni wala rafiki yake wa barazani kwenye kahawa, bali afisa mwenye kazi hiyo. Jibu alilopewa halikuwa la ajabu. Kuwaruhusu wachukuzi washushe mizigo mapema kabla ya mji kujaa ni jambo linalofanyika katika miji mingi. Jibu lilikuwa la makosa, na mwenye kulitoa amekiri. Na kulitegemea kwake kunashuhudiwa na wiki tatu za kusimama pale bila ya kujificha. Yule wa "mimi nipo" hapiti hata katika nusu ya mizani hii. Hofu ya kufungua soko la maneno, ambayo tumeieleza hapo juu na ambayo ni ya kweli, inajibiwa hapo.

Kwa maoni yetu, basi, baraza lilikuwa na haki ya kumwambia mchukuzi, "Kuanzia leo usisimame tena hapa." Halikuwa na haki ya kuchukua pesa zake kwa siku iliyopita.

Sasa tuje kwenye rufaa yenyewe, maana haki isiyo na mlango wa kuidai haimfai mtu. Katika Uingereza, sheria ya 1991 ilianza kuyatoa makosa ya maegesho katika jinai na kuyakabidhi kwa mabaraza, na ile ya 2004 ikaendeleza. Huko mwenye gari hulipa nusu akilipa ndani ya siku 14; lakini akilipa, shauri limefungwa na hawezi kukata rufaa. Asipolipa na akaandika malalamiko rasmi kwa wakati, baraza lazima limjibu ndani ya siku 56, na likinyamaza huhesabiwa kuwa limemkubalia. Likimkatalia, huenda kwa mwamuzi asiyekuwa mtumishi wa baraza. Mwamuzi huyo hata akiona kuwa kisheria kosa limetendeka, aweza kulirudisha shauri kwa baraza na kulipendekezea liifute faini kwa sababu nzito za mtu huyo. Na baraza lisipojibu ndani ya siku 35, faini imefutika. Mwongozo wa serikali yao unasema pia kuwa madiwani wasiingie katika kuamua shauri la mtu mmoja mmoja. Hilo tungelipenda sana hapa kwetu, ambapo diwani husumbuliwa na kila mpiga kura mwenye karatasi ya faini mfukoni.

Hatusemi tuige kila kitu. Mabaraza yetu hayana fedha za kuweka majopo ya waamuzi kila wilaya. Lakini msingi wake si wa kigeni. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, na ibara ya 12 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984, zinampa mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na ya kukata rufaa pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kinginecho. Kusikilizwa kikamilifu si kuandikiwa sentensi moja na mtu aliyekutoza. Na kumfungia mtu gari lenye mazao ya kuoza mpaka alipe, kisha kumwambia akate rufaa akitaka, ni kumpa haki hiyo kwa mkono wa kulia na kuipokonya kwa wa kushoto. Gari la namna hiyo lifunguliwe mara mwenyewe akishaandikisha jina na namba yake, na deni lifuate njia yake.

Nchi hii haikuanza jana kuyafikiria malalamiko ya wananchi juu ya watumishi. Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ilianza kazi mwaka 1966, na sheria ya 2001 iliweka mahali pake Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Lakini kumpeleka mchukuzi wa ndizi mbele ya Tume kwa faini ya maegesho ni kumwita bahari aje kuzima mshumaa. Jambo hili lafaa liishie barazani, siku ileile au wiki ileile, mikononi mwa mtu mwenye busara ambaye hakuandika faini.

Upo ugumu mmoja ambao maafisa wenyewe wametuhadithia, na tunaona wana haki ya kusikilizwa. Wakiambiwa kwamba kila jibu lao litalifunga baraza, watanyamaza. Mwananchi akija kuuliza ataambiwa "kasome sheria", au "njoo kesho", na kesho ataambiwa mkubwa hayupo. Hofu hiyo si ya uongo. Tumeiona katika ofisi nyingi, na ukimya wa namna hiyo huudhi kuliko jibu la makosa. Kwa hiyo yule afisa aliyekiri asiadhibiwe kwa kukosea. Aliyekosea kwa nia njema arekebishwe na kufundishwa. Anayestahili hatua ni yule anayekana alilolisema, na yule aliyebadilisha utaratibu wa soko bila ya kuwapa maelezo ya maandishi watumishi waliotakiwa kuusimamia. Katika shauri hili, tunavyoona sisi, kosa la asili liko hapo: utaratibu ulibadilishwa, waliokaa dirishani wakaujulia masikioni, na alama ikawekwa ncha moja ya njia.

Mabaraza yanaweza kuanza bila ya kungoja sheria mpya. Kila ofisi ya maegesho iwe na daftari la maulizo, lenye tarehe, jina la muulizaji, namba ya gari, swali, jibu, na saini ya aliyejibu, na muulizaji apewe nakala ya ukurasa wake. Daftari halihitaji kompyuta wala bajeti. Siku kanuni itakapobadilika, ofisi itawatafuta walioandikwa humo na kuwaarifu. Na kwa mwenye gari ambaye ofisi yake bado haina daftari, tunamshauri aandike mwenyewe jina la afisa, siku na saa, apige picha ya njia yote pamoja na alama zake ncha zote mbili, na akitozwa faini apeleke maelezo yake kwa maandishi kabla ya kulipa, akibakisha nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ikiwa hana budi kulipa ili gari lifunguliwe, basi aandike juu ya nakala ya stakabadhi kuwa analipa huku akipinga, na amwombe mpokeaji atie saini.